Kubadilisha herufi moja ndani ya neno: mfano wa Kimeru na Kiembu

LUGHA za Kimeru na Kiembu, zinazozungumzwa katika miteremko ya mashariki na kusini-mashariki ya Mlima Kenya, zina irabu saba, ilhali alfabeti ya Kilatini ina herufi tano tu za irabu. Mbili zilizosalia huandikwa kwa kuwekewa alama juu: ĩ na ũ. Kwa kuwa kibodi za kawaida hazina vitufe vya herufi hizo, maneno mengi huingizwa katika kompyuta bila alama, na mtunzi wa programu hulazimika kuyasahihisha baadaye.

Amri ya kubadilisha kila i na kila u haifai. “Kimiru”, jina ambalo Wameru huita lugha yao, huwa “Kĩmĩrũ”, herufi tatu zikibadilika. Lakini “Kiembu” huwa “Kĩembu”, u ya mwisho ikibaki ilivyo. Yafaa basi kila herufi iguswe mahali pake.

Katika Java, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1996, neno la aina ya String halibadiliki; kila sahihisho huunda neno jipya kando. Neno linaloweza kubadilishwa huwekwa katika StringBuffer, au katika StringBuilder iliyoongezwa mwaka 2004. Amri ya setCharAt hupewa nafasi na herufi mpya:

StringBuilder jina = new StringBuilder("Kiembu");
jina.setCharAt(1, 'ĩ');

Nafasi huhesabiwa kuanzia sifuri, hivyo i ya “Kiembu” iko nafasi ya 1, na u iko nafasi ya 5. Atakayetaja nafasi ya 6 atapata hitilafu.

Kuna tahadhari mbili zaidi. Sehemu mbili za programu zikitumia neno lile lile linalobadilika, sahihisho la moja huonekana katika nyingine, hata pale lisipotakiwa. Aidha, ĩ yaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, U+0129, au kama i inayofuatwa na alama ya U+0303. Kwa njia hii ya pili “Kĩembu” huchukua nafasi saba badala ya sita, na hesabu yote hupotoka. Ni vyema kulinganisha maandishi yote yawe ya namna moja kabla ya kuanza.

Hata hivyo, kompyuta haijui ni irabu ipi inayostahili alama. Hilo huamuliwa na mjuzi wa lugha. SetCharAt hutekeleza tu.