Kushirikishwa si Kusikilizwa

Katika nyaraka zetu za Kiswahili, haki ya mtoto kushiriki hugeuka upesi ikawa haki ya "kushirikishwa". Mwenye haki anakuwa mtendwa: kuna mkubwa anayemshirikisha, na mkubwa huyo akichoka ataacha. Kwa mtoto aliyevuka mpaka bila mzazi wala mlezi, naliona neno hilo dhaifu mno.

Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 haitegemei huruma ya mtu. Mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa kwa uhuru katika kila jambo linalomhusu, nayo yapewe uzito kwa kadiri ya umri na upevu wake. Aya ya pili inadai asikilizwe katika mashauri ya mahakama na ya kiutawala, yaani hata pale anapoomba hifadhi.

Basi nashika "kusikilizwa". Sitaki "kuhojiwa", kitenzi ambacho magazeti yetu yamekizoesha kwa polisi na watuhumiwa.

Lakini kusikiliza kwenyewe si rahisi, hata lugha ikiwa moja. Tuchukue Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania, iliyoanza kupokea Wakongo mwaka 1996. Karani anazungumza Kiswahili, mtoto wa Kivu Kusini naye anazungumza Kiswahili; mkalimani wa nini tena? Mtoto anaulizwa amekuja na nani. Anajibu, "Na mama." Karani anaandika: mama. Kumbe ni mama mudogo, kama wasemavyo kwao, na mama mzazi hajulikani aliko. Mtoto hakudanganya, kwa kuwa mama mdogo ni mama. Lakini Kamati ya Haki za Mtoto, inayosimamia Mkataba huo, katika Maoni ya Jumla Na. 6 ya 2005, inamtofautisha mtoto aliye peke yake kabisa na aliyetengana na wazazi lakini huenda yuko na ndugu. Kwa huyu wa pili, ulezi kwa kawaida hukabidhiwa ndugu mtu mzima aliyefuatana naye, isipokuwa ikionekana kwamba si kwa manufaa ya mtoto. Nani atalichunguza hilo ikiwa fomu inasema "mama"? Na nani atamtafuta mama mzazi?

Maoni hayohayo yanataka mtoto aelezwe kwanza: huduma anazostahili, mwenendo wa ombi lake, jinsi ndugu zake wanavyotafutwa, na hali ya alikotoka. Asiyeelezwa atatoa maoni gani? Mimi ningeongeza kwamba maelezo yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe, asomewe taratibu, na aruhusiwe kusema, "Hapo sikusema hivyo," kabla hajatia dole gumba.