Mguu Umeamka, Kibofu Bado Kimelala

Tarehe 30 Juni 2023 lori lilivamia umati pale Londiani Junction, Kericho, na watu zaidi ya 50 wakafa. Tuliposti mishumaa, kisha tukahamia stori nyingine. Waliobaki na mifupa iliyovunjika hawakutrendi. Na kuna kitu ambacho mtu aliyewekewa chuma mguuni haposti kamwe: mkojo kugoma baada ya operesheni.

Turudi nyuma. Agosti 1898, Kiel, Ujerumani, daktari August Bier alimdunga mgonjwa kokeini (ndio, hiyo hiyo) mgongoni, akampasua kifundo cha mguu jamaa akiwa macho. Siku chache baadaye msaidizi wake alijitolea kujaribiwa. Akapigwa nyundo kwenye muundi, hakusikia kitu. Kesho yake ndio alijua hajui.

Dawa imebadilika, sindano ya mgongo bado ipo. Shida ni kwamba neva za chini kabisa za mgongo ndizo zinaendesha kibofu, na sindano inazilaza pia. Miguu inaweza kuamka mapema, kibofu kikiendelea kujaa kimyakimya. Mofini ya maumivu inaongeza uzito. Kikijaa kupita kiasi, misuli yake inaumia.

Mwaka wa 1935 Mmarekani Frederic Foley alionyesha mpira wa mkojo wenye kaputo kinachouzuia kutoka. Unaokoa, lakini kila siku ya ziada unakaribisha bakteria. Muulize nesi kila asubuhi: huu unatoka lini?

Hapa Bomet, Tenwek ilianza kama zahanati 1937, ikapata daktari wake wa kwanza, Ernie Steury, 1959. Enzi hizo paja likivunjika kawaida ilikuwa kulala chali wiki nyingi, mguu ukivutwa na uzito, unakojoa hapo hapo kitandani. Vyuma vya SIGN, shirika lililoanzishwa 1999, vimewainua watu mapema, na kusimama kunasaidia mkojo kutoka.

Kilichobaki ni aibu. Huku kwetu mwanaume aliyepita jandoni hatikisi hata kope, sasa atamwambiaje nesi rika la dada yake mdogo kwamba hawezi kukojoa? Binamu yangu, boda ya kule chini kwa majani chai, alisema "niko sawa, sista" kuanzia mchana hadi usiku wa manane, tumbo limefura. Alipowekewa mpira, mfuko ulipita lita moja. Nesi akamuuliza mbona hakusema.

Akajibu alidhani ni maji ya dripu.