Mwalimu wa Kwaya na Duka la Manyoya



Wapendwa waamini, miaka kadhaa iliyopita mwalimu wa kwaya alitujia ofisini jioni moja baada ya mazoezi, daftari la nota likiwa kwapani. Hakuja kulalamika. Aliuliza tu kama parokia ingeweza kumsaidia nauli, kwa kuwa alikuwa akipanda daladala mara nne kwa juma kuja kuwafundisha waimbaji wetu. Tulimjibu kwa upole kwamba utume ni sadaka, na kwamba Mungu angemlipa. Akashukuru, akaenda zake, na baada ya Pasaka hatukumwona tena. Tangu hapo, kila tunaposoma habari za Giovanni Pierluigi da Palestrina, ambaye Kanisa limemhesabu kwa karne nyingi kuwa kielelezo cha watunzi wa muziki mtakatifu, tunamkumbuka mtu yule na nauli yake.

Palestrina ni jina la mji, si la ukoo. Ni mji mdogo ulio karibu na Roma, na huko ndiko alikozaliwa Giovanni yapata mwaka 1525. Mwaka 1537 jina lake limo katika orodha ya watoto waimbaji wa Basilika ya Santa Maria Maggiore. Mwaka 1544 alirudi kwao kupiga kinanda na kufundisha uimbaji katika kanisa kuu la mji, na mwaka 1547 akamwoa Lucrezia Gori. Askofu wa mji huo alikuwa Kardinali Giovanni Maria del Monte. Mwaka 1550 Kardinali huyo akachaguliwa kuwa Papa Julius III, na mwaka uliofuata Palestrina akawa mwalimu wa Cappella Giulia, yaani kwaya ya Basilika ya Mtakatifu Petro. Inaelekea Baba Mtakatifu hakumsahau mpiga kinanda wake.

Mwezi Januari 1555 Papa Julius alimpandisha tena, safari hii katika kwaya yake mwenyewe, ile inayoimba katika Kikanisa cha Sisto. Aliingizwa kwa amri ya Papa, bila kufanyiwa mtihani na bila waimbaji wenzake kukubali, ingawa kanuni za kwaya hiyo ziliwataka waimbaji wawe waseja naye alikuwa na mke na watoto. Tunaweza kukisia jinsi wenzake walivyomtazama siku ya kwanza ya mazoezi. Mwezi Machi Papa Julius akafariki. Aliyemfuata, Marcellus II, alikaa katika kiti cha Petro kwa muda wa majuma matatu tu. Mwezi Mei akachaguliwa Paulo IV, mtu mkali katika mambo ya nidhamu, na mwezi Septemba mwaka huo huo waimbaji watatu wenye wake wakaondolewa kazini. Palestrina alikuwa mmoja wao. Haki itendeke pia kwa Papa Paulo: aliwapa pensheni. Lakini kwa baba mwenye watoto, pensheni ndogo si sawa na mshahara.

Hapa inatupasa kusimama kidogo, maana hadithi inayosimuliwa mara nyingi juu ya Palestrina ni nyingine kabisa. Husimuliwa kwamba mababa wa Mtaguso wa Trento walikuwa karibu kuupiga marufuku uimbaji wa sauti nyingi, kwa sababu sauti zilikuwa zikipishana hata maneno ya Misa yakawa hayasikiki. Ndipo Palestrina akatunga ile Misa ya Papa Marcellus, wakaisikia, mioyo yao ikalainika, na muziki wa Kanisa ukaokoka. Ni hadithi tamu. Ilianza kuonekana katika maandishi mwaka 1607, miaka kumi na mitatu baada ya kifo chake, na wanahistoria wa leo hawaikubali kwa umbo hilo. Mtaguso, katika kikao cha mwezi Septemba 1562, ulikataza kuingiza jambo lolote chafu au la anasa katika muziki wa kanisani. Uimbaji wa sauti nyingi haukupigwa marufuku. Ni kweli kwamba Papa Marcellus aliwaambia waimbaji wake, Ijumaa Kuu ya mwaka 1555, kwamba maneno matakatifu yasikike na kueleweka. Ni kweli pia kwamba mwezi Aprili 1565 waimbaji wa Papa waliitwa nyumbani kwa Kardinali Vitelli, wakaimba Misa kadhaa ili ipimwe kama maneno yanasikika. Misa yenyewe ilichapishwa mwaka 1567. Mengine yameongezwa na mapenzi ya watu.

Kwa maoni yetu hadithi hiyo imemdhulumu Palestrina. Imemfanya kuwa mtu wa muujiza wa siku moja, wakati maisha yake yalikuwa ya kuhangaika miaka hamsini. Baada ya kufukuzwa alipata kazi katika Basilika ya Laterani. Mwaka 1560 akaondoka huko pamoja na mwanawe Rodolfo, kwa sababu ya mgogoro juu ya fedha za kuwatunza watoto waimbaji. Si ugomvi wa sanaa, wapendwa. Ni ugomvi wa chakula cha watoto. Akaenda Santa Maria Maggiore, kisha akafundisha katika Seminari ya Roma, huku akimtumikia pia Kardinali Ippolito d'Este. Mwaka 1568 mfalme mkuu Maximilian II alitaka kumchukua aende Vienna. Palestrina akataja mshahara wa skudi 400 kwa mwaka, na watu wa Kaisari wakaona umezidi. Mwaka 1583 mtawala wa Mantua naye alimtaka, akakutana na masharti mazito vilevile. Wako wanaomwita mpenda fedha kwa ajili hiyo. Sisi hatuthubutu.

Mwaka 1571 alirudi Cappella Giulia, na huko akabaki hadi kufa. Miaka iliyofuata ilikuwa ya misiba. Rodolfo, aliyekuwa ameanza kufuata nyayo za baba yake, alifariki mwaka 1572. Ndugu yake Silla akafuata mwanzoni mwa 1573, mwanawe Angelo mwaka 1575, na mkewe Lucrezia mwaka 1580, wakati wa magonjwa ya kuambukiza yaliyoikumba Roma. Katika majonzi hayo mjane huyo aliamua kuingia utumishi wa altare, akapokea daraja ndogo mwezi Desemba 1580. Lakini mwezi Machi 1581 akamwoa Virginia Dormoli, mjane wa mfanyabiashara wa ngozi za manyoya.

Waandishi wengine wa zamani huipita habari hii haraka, kana kwamba wanaona haya. Sisi tunaona ni sura muhimu kuliko zote. Mwalimu wa kwaya ya Mtakatifu Petro aliingia katika biashara ya manyoya akishirikiana na msaidizi wa duka, akaiendesha vizuri, akanunua na nyumba mjini. Na katika miaka hiyo ndipo alipochapisha vitabu kwa wingi: tangu ndoa hiyo hadi kifo chake vilitoka vitabu kumi na sita vya muziki. Kuchapa nota kulikuwa na gharama kubwa, na mtunzi mara nyingi alilazimika kulipa mwenyewe au kumtafuta mfadhili. Hata mwaka 1588, alipomtolea Papa Sixtus V kitabu chake cha Maombolezo, aliandika katika utangulizi juu ya umaskini na juu ya kazi zake nyingi zilizolala bila kuchapwa. Waimbaji wetu wanaotoa nakala za nota kwa fedha zao wataelewa.

Ameacha Misa zaidi ya mia moja na moteti zaidi ya mia tatu. Alifariki tarehe 2 Februari 1594, Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, akazikwa katika Basilika ya Mtakatifu Petro, na juu ya jeneza likaandikwa kwa Kilatini kwamba huyu ni mkuu wa muziki. Ujenzi wa Basilika mpya ulikuwa ukiendelea wakati huo. Kaburi likafunikwa, na mpaka leo mahali pake hapajulikani.

Yule mwalimu wa nauli tumepata habari zake hivi karibuni. Anafundisha kwaya katika parokia nyingine, na mchana ana kibanda cha kushonea nguo.