Mtu, Farasi, Mbwa na Mpiga Picha: Historia ya Wasiocheza Wanaobadilisha Mchezo

Kama umewahi kucheza chandimu mtaani, kesi hii unaijua. Mpira umepigwa, unaelekea nje kabisa, halafu unamgonga muuza karanga aliyesimama karibu na tofali la goli, unaingia. Waliofunga wanashangilia, waliofungwa wamegoma. Muuza karanga naye anaokota karanga zake chini huku akiuliza nani atamlipa. Kule kwetu hukumu ilikuwa rahisi: mwenye mpira ndiye aliyeamua.

Usidhani wakubwa wana nafuu. Tarehe 17 Oktoba 2009, Sunderland waliifunga Liverpool bao 1-0. Shuti la Darren Bent liligonga mpira mwekundu wa kujaza upepo, ule wa kuchezea ufukweni, ambao shabiki alikuwa ameutupia uwanjani. Shuti likabadili njia, kipa Pepe Reina akapotea. Sheria za soka za wakati ule zilitaka mchezo usimamishwe kitu cha nje kikiugusa mpira. Mwamuzi alikubali bao, na bao likabaki.

Sasa hebu tujiulize swali la mtaani kwa lugha ya kitafiti kidogo: asiyecheza akiugusa mchezo, hasara ni ya nani? Swali hili lilinikamata sehemu ambayo sikuitegemea, yaani kwenye video za gofu ya kisahani, ambazo huwa naziangalia usiku tasnifu inapokataa kwenda mbele. Mchezaji anarusha, na mita chache pembeni yake wamesimama watazamaji, mtu wa kamera amepiga goti, mwingine yuko nyuma ya kikapu. Nikawa najiuliza: siku kile kisahani kikimgonga mmoja wao, inakuwaje? Jibu lilinirudisha nyuma karibu miaka 300.

Leith, 1744

Kanuni za zamani kabisa za gofu zilizoandikwa ambazo tunazo leo ziliandikwa mwaka 1744 na wachezaji wa Edinburgh, Scotland, kwa ajili ya mashindano kwenye viwanja vya Leith. Zilikuwa 13 tu. Ya 10 ilihusu tatizo letu: mpira ukizuiwa na mtu, farasi, mbwa au kitu kingine chochote, uchezwe pale pale ulipo.

Kwa nini farasi na mbwa watajwe? Kwa sababu Leith hapakuwa na uwanja wenye uzio. Lilikuwa eneo la wazi la umma. Watu walipita, wanyama walipita, na mcheza gofu alikuwa mmoja tu wa watumiaji. Kwa hiyo kanuni ya 10 iliyachukulia mambo kama yalivyo: huwezi kuufukuza ulimwengu uwanjani, basi uhesabu kuwa sehemu ya uwanja. Mbwa akiuzuia mpira wako, hilo ni sawa na kugonga jiwe. Pole, cheza.

Ni kanuni nzuri mbwa anapokuwa mbwa. Inaanza kuyumba pale anayezuia mpira anapokuwa na timu anayoipenda, au pesa aliyoweka dau. Mwaka 1870, Tom Morris na Willie Park, mabingwa wakubwa wa zama zao, walipambana kwa dau kubwa, na mechi ikaishia Musselburgh, nyumbani kwa Park. Watazamaji walivamia na kuuvuruga mchezo hadi mwamuzi akausimamisha yakiwa yamebaki mashimo machache. Morris akaingia zake baa na kugoma kutoka. Park akayacheza mashimo yaliyobaki peke yake, kisha akadai ushindi. Kanuni ya mtu, farasi na mbwa haikuwa na jibu kwa umati unaokusudia.

Kutoka Leith hadi California

Gofu ya kisahani ni mjukuu wa ule mchezo. Unarusha kisahani cha plastiki badala ya kupiga mpira, na badala ya shimo kuna kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Ed Headrick, aliyefanya kazi katika kampuni ya Wham-O inayojulikana kwa Frisbee, aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California. Mwaka 1976 akaanzisha chama cha mchezo huo, PDGA.

Zingatia neno bustani. Mchezo ulizaliwa kwenye maeneo ya umma, kama Leith. Watu wanatembeza mbwa, watoto wanakatiza, wengine wamekuja kupunga upepo tu. Ndiyo maana kanuni za PDGA kuhusu kuingiliwa zinanukia 1744. Kisahani kikimgonga mtu au mnyama kwa bahati mbaya, unacheza pale kilipotua. Ila wamejifunza pia kutokana na mambo kama ya Musselburgh. Mtu akikidaka au akikipiga kwa makusudi, alama inawekwa karibu na pale kilipoguswa. Kilichokuwa kimeshatulia kikisogezwa, kinarudishwa mahali pake. Na mchezaji anayeingilia kwa makusudi kisahani cha mwenzake anaongezewa mirusho 2 ya adhabu.

Miaka ya 2010 zikaja kamera. Vikundi vidogo vya wapiga picha vilitembea na wachezaji shimo kwa shimo, vikahariri na kupandisha video YouTube. Huu haukuwa mchezo wenye helikopta na majukwaa ya televisheni. Mtu wa kamera ilibidi awe pale pale, kwa miguu. Bila watu hao mimi nisingeujua mchezo wenyewe. Lakini sasa kila mrusho una watu kando ya njia yake, na hapo fizikia inaanza kuhusika.

Tupige hesabu ya sekondari: nishati ya mwendo ni nusu ya masi mara kasi mara kasi. Kisahani cha gramu 175 kikirushwa na mchezaji mkali kwa mita 36 kwa sekunde, karibu kilomita 130 kwa saa, kinabeba takribani jouli 113. Mpira wa gofu wa gramu 46 ukitoka kwa mita 70 kwa sekunde, nao unabeba takribani jouli 113. Yaani ni kama pakiti ya sukari ya kilo moja iliyodondoshwa kutoka mita 11 na nusu juu. Aliyesimama mita 20 mbele ana nusu sekunde hivi ya kuona, kuelewa na kukwepa. Kwenye Ryder Cup ya 2018 karibu na Paris, mtazamaji mmoja aligongwa na mpira wa gofu akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja. Kwa hiyo tunapozungumzia kuingilia mchezo, tukumbuke kwamba mara nyingine mchezo ndio unaomwingilia mtu.

Na ushindani wenyewe? Fikiria Ogden, Utah, fainali ya ubingwa wa dunia wa 2021. James Conrad yuko nyuma ya Paul McBeth kwa mrusho mmoja kwenye shimo la mwisho. Amebakiwa na mita 75 hivi, na lazima aingize. Umati umejipanga. Anarusha, kisahani kinaingia kikapuni, wanalingana, na Conrad anatwaa ubingwa kwenye shimo la ziada. Sasa weka kiwiko cha mtu mmoja wa kamera sentimita chache ndani ya ile njia. Kwa kanuni, kisahani kingechezwa kilipoangukia na ubingwa ungekuwa wa mwingine. Hakuna ambaye angekuwa amekosea kwa makusudi, na hakuna ambaye angeweza kurudisha chochote.

Kinachorudishwa ni kile kinachopimika

Hapa ndipo nilipoona kitu ambacho, kwa maoni yangu, kinaunganisha historia yote hii. Kwa nini kisahani kilichotulia kinarudishwa, lakini kilichogonga mtu hewani hakirudishwi? Si suala la huruma. Ni kwamba cha kwanza tunajua kilikuwa wapi. Cha pili hatujui kingefika wapi. Upepo, mzunguko, mti ulio mbele: kile ambacho kingetokea hakina ushahidi. Mwaka 1998 pale Sawgrass, Florida, shakwe aliudokoa mpira wa mchezaji mmoja na kuudondosha majini. Mpira mwingine ukawekwa pale pale, bila adhabu, kwa kuwa mahali palijulikana. Ndege yule yule angeugonga ukiwa hewani, mchezaji angebaki na maumivu yake.

Peleka wazo hilo kwenye michezo mingine uone linavyofanya kazi. Agosti 2004, marathoni ya Olimpiki, Athens. Paul Tergat wa Kenya, mwenye rekodi ya dunia wakati huo, yumo mbioni lakini si siku yake. Atamaliza wa 10. Anayeongoza ni Mbrazili Vanderlei de Lima. Zikiwa zimebaki kilomita chache, mtazamaji mmoja, padri wa zamani kutoka Ireland, anamvamia na kumsukumia kwenye umati. Mtazamaji mwingine, Mgiriki, anamnasua. De Lima anaendelea, anapitwa, anamaliza wa 3, sekunde 76 nyuma ya mshindi Stefano Baldini. Brazil walikata rufaa hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, wakashindwa.

Sekunde ngapi kati ya zile 76 zilikuwa za yule mvamizi? Zile alizomshika unaweza kuzihesabu kwenye video. Lakini kuvunjika kwa mdundo, misuli iliyoshtuka, hofu ya kuvamiwa tena, utapima kwa saa gani? Alipewa medali ya Pierre de Coubertin, na mwaka 2016 ndiye aliyewasha mwenge wa Olimpiki Rio. Ni heshima kubwa, ila haikuwa dhahabu.

Sasa linganisha na Julai 2016, Tour de France. Upepo mkali ulilazimisha waandaaji kuhamisha mstari wa mwisho kutoka kilele cha Mont Ventoux hadi chini yake. Umati uliotarajiwa kutawanyika mlima mzima ukabanana sehemu fupi. Pikipiki ya kamera ikakwama kwenye watu, na Richie Porte, Chris Froome na Bauke Mollema wakaigonga. Froome, aliyezaliwa Nairobi na kuanza baiskeli Kenya, alikuwa na jezi ya njano na baiskeli iliyoharibika. Akaanza kukimbia mlima kwa miguu! Matokeo ya awali yalimvua jezi. Waamuzi wakakaa, wakampa yeye na Porte muda sawa na Mollema, ambaye alikuwa nao wakati wa ajali na aliwahi kuondoka. Jezi ikarudi.

De Lima alinyimwa, Froome akarudishiwa. Nadhani tofauti kubwa ni kipimo. Ventoux alikuwepo Mollema, rula iliyo hai: wale watatu walikuwa pamoja, basi wapewe muda mmoja. De Lima alikuwa peke yake mbele. Hapakuwa na rula.

Kamera kama mkosaji, kamera kama shahidi

Ukiangalia orodha hii utaona kamera haina mikono safi. Mwaka 1999, Alpe d'Huez, Giuseppe Guerini aliangushwa na shabiki aliyesimama katikati ya njia kumpiga picha. Bahati yake aliinuka akashinda. Mwaka 2011 gari la televisheni lilimgonga Juan Antonio Flecha, na Johnny Hoogerland akarushwa kwenye seng'enge, akashonwa nyuzi 33. Na si kamera pekee. Oktoba 2017 kwenye marathoni ya Venice, Waafrika Mashariki waliokuwa mbele waliifuata pikipiki iliyopotea njia, na ushindi ukaenda kwa Eyob Faniel wa Italia. Wale ndugu zetu hawakuguswa na mtu. Waliamini tu waliyepewa kuwaongoza.

Lakini kamera hiyo hiyo ndiyo shahidi. Bila picha, mengi ya haya yangebaki neno la mtu dhidi ya neno la mwingine. Kwenye gofu ya kisahani inafanya kazi nyingine kimyakimya: inaona kisahani kilipoangukia. Kisahani kisipopatikana ndani ya dakika 3, mchezaji anaongezewa mrusho mmoja na kurudi alikorushia. Wanaofuatwa na kamera na umati wana macho mengi ya kuwatafutia. Mchezaji wa kundi la nyuma, asiyejulikana, anatafuta vichakani na wenzake wawili watatu. Huko nako ni kuingiliwa, ila kwa faida, na katika kanuni nilizozisoma hakuna adhabu kwa hilo.

Wale wa Leith waliweza kumhesabu mbwa kama jiwe kwa sababu mbwa hakuwa na upendeleo: angeweza kumharibia yeyote. Mtu wa kamera hamfuati yeyote. Anamfuata anayeongoza, anayependwa, anayeuza. Bahati, mbaya au nzuri, haigawanywi tena sawa kwa wote, na sidhani kanuni ya 1744 inatosha pale ambapo kifaa chenyewe cha kupimia kinasogea na mchezaji mmoja. Kwa maoni yangu kuna mawili ya kufanya, na hayana gharama kubwa: wapiga picha wawekewe mipaka ya mahali pa kusimama kulingana na kasi ya kisahani, na watu wa kuangalia visahani vinapoangukia wapangwe kwa makundi yote, si lile la mbele tu.

Na wewe utakayesimama pembeni ya mbio za mtaani kwenu Jumapili hii na simu mkononi, rudi nyuma hatua mbili. Yule anayekuja amefanya mazoezi mwaka mzima, na ukimgusa hakuna mwamuzi atakayeweza kumrudishia.