Kupinda Uta: Elimu ya Kutia Upote katika Upinde wa Jadi

Lugha yetu ina majina mawili ya silaha moja. La kwanza ni uta, ambalo wingi wake ni mata, nalo ndilo la kale zaidi. Wasukuma husema buta, na Wakikuyu na Wakamba wana neno lilo hilo letu; jambo hili laonyesha kwamba tumelirithi pamoja kutoka kwa wazee wa lugha za Kibantu. Jina la pili ni upinde, lililotokana na kitenzi kupinda, na yafaa tulitazame kwa makini, maana lina maelezo ndani yake. Ufito ulionyooka, hata ukichongwa kwa ustadi wa namna gani, si upinde bado. Huwa upinde pale unapopindwa na kufungwa ukae katika hali hiyo. Kinachoufunga ni upote, neno linalotokana na kupota, yaani kusokota nyuzi ziwe ugwe. Basi majina haya mawili yataja kazi mbili: kuupinda mti na kuzisokota kano za mnyama. Baina yao iko kazi ya tatu, ambayo haikupewa jina lake peke yake, nayo ni kuviunganisha vitu hivyo viwili bila ya kuuvunja mti na bila ya mtu kujiumiza. Hiyo ndiyo tunayokusudia kuizungumza hapa.

Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo mno kuandikiwa insha. Historia yetu huyataja mata mara nyingi, lakini huyataja yakiwa tayari yamepindwa. Katika michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, wamo watu walioshika mata mikononi. Katika Vita vya Maji Maji, tangu mwaka 1905 hadi 1907, wapiganaji wetu waliikabili bunduki ya Mjerumani kwa mikuki, kwa magobole na kwa mata. (Inashangaza kidogo kwamba tulipochagua nembo za nchi zetu, Tanzania, Kenya na Uganda zote zilichukua mkuki na ngao, na uta ukaachwa nje.) Mwanafunzi husoma kwamba babu zake walikuwa na mata. Hasomi ni nani aliyewafundisha kuyatia upote, wala kwa muda gani, wala ni nini kilichotokea siku mafunzo hayo yalipokatika.

Sisi wenyewe tusingelifikiria jambo hili lau si tukio tulilolishuhudia. Miaka kadhaa iliyopita tulihudhuria sikukuu ya utamaduni katika shule moja ya sekondari. Juu ya mlango wa ofisi ya walimu palikuwa na upinde uliotundikwa hapo, tuliambiwa, kabla ya wanafunzi wale kuzaliwa. Upote wake ulikwisha kuliwa na panya, na mahali pake ikafungwa kamba ya nailoni. Mwalimu mmoja kijana, mwenye nia njema kabisa, alitaka kuwaonyesha vijana jinsi babu zao walivyowinda. Akauteremsha upinde, akaisimamisha ncha moja juu ya sakafu ya saruji, akaukandamiza katikati kwa goti, na mwanafunzi mmoja akainama mbele yake ili akivute kitanzi cha kamba hadi ncha ya juu. Ncha ya chini ikateleza. Upinde ukajipindua ubavuni, ukalia kama tawi linalokatika, na kipande cha juu kikampiga yule mwanafunzi juu ya jicho. Tunashukuru kwamba jicho lilipona. Kovu analo mpaka leo. Mzee mmoja aliyealikwa pamoja na kikundi cha ngoma aliviokota vile vipande, akavigeuzageuza, akauliza upinde ule ulipakwa mafuta lini mara ya mwisho. Hakuna aliyeweza kumjibu.

Ili tuelewe swali la mzee yule, hatuna budi kujua mti unavyofanya kazi. Upinde una mgongo na tumbo. Mgongo ni upande unaotazama mbele, kwenye windo. Tumbo ni upande unaomwelekea mpiga mshale. Upinde ukipindwa, nyuzinyuzi za mti zilizo mgongoni huvutwa na kurefushwa, na zile za tumboni hubanwa na kufupishwa. Fundi huchonga akilijua hilo. Huufuata mkondo wa nyuzi za mti kuanzia ncha hadi ncha, asizikate mgongoni, kwa kuwa uzi mmoja uliokatwa ndipo ufa unapoanzia. Tena huipunguza mikono ya upinde, yaani sehemu mbili zilizo juu na chini ya mahali pa kushikia, mpaka ipindike sawasawa. Mkono mmoja ukiwa mgumu kuliko wa pili, ule mlaini ndio utakaobeba mzigo wote.

Mti uliozoea kuvutwa mgongoni na kubanwa tumboni kwa miaka kumi hauwezi kubadilishiwa kazi kwa siku moja. Anayeupinda kinyume, mgongo ukawa tumbo, huzivuta zile nyuzi zilizokwisha kubanwa na kupondeka, nazo hazina tena uwezo wa kuvutika. Hapo upinde hukatika. Na mti uliokauka kupita kiasi hukatika hata ukipindwa upande wake wa haki. Ndiyo maana wenye mata huyapaka mafuta ya wanyama. Mafuta si pambo: huzuia unyevu usiingie wakati wa mvua na usitoke wote wakati wa kiangazi. Upinde wa ofisi ile ulikaa miaka mingi juu ya mlango bila ya mafuta, karibu na bati lenye joto. Kwa hakika ulikuwa umekwisha kufa kabla ya kuteremshwa.

Sasa tuione kazi yenyewe. Kwanza mishale huwekwa mbali, hasa ile ya sumu. Wawindaji wengi wa kwetu huzifunga chembe za mishale ya sumu kwa ukanda mwembamba wa ngozi; ukanda huo huilinda sumu isikauke, na humlinda mwenyewe pia. Kisha upinde hukaguliwa. Mkono hupitishwa mgongoni polepole, kidole kikitafuta ufa au nyuzi zilizoinuka. Upote nao hutazamwa mwote, kwa kuwa upote ukikatika upinde ukiwa umepindwa, nguvu zote hurudi ndani ya mti kwa ghafula, na mti huenda ukapasuka. Vivyo hivyo upinde ukivutwa na kuachwa bila ya mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale hukosa pa kwenda, nayo huishia katika upinde na katika mkono unaoushika. Watoto wanaochezea mata ya baba zao hukemewa kwa kosa hilo kabla ya jingine lolote.

Upote hufungwa imara kwenye ncha moja, na mara nyingi hauondolewi hapo. Ncha hiyo ndiyo inayokwenda chini. Haiwekwi juu ya jiwe wala saruji, bali huegemezwa upande wa ndani wa unyayo, au juu ya udongo laini mbele ya kidole cha mguu, mahali isipoweza kuteleza. Mkono mmoja hushika katikati ya upinde na kuuvuta kuelekea mwilini. Kiganja cha mkono wa pili huusukuma mkono wa juu wa upinde kwenda mbali, na vidole vyake hukipandisha kitanzi kidogo kidogo mpaka kikae mahali pake. Vidole hukisukuma kitanzi kwa ubavu. Haviingizwi kamwe kati ya kitanzi na mti, kwa sababu upinde ukichomoka vitanaswa humo. Uso hugeuzwa kando. Hakuna mtu anayesimama mbele ya ncha wala nyuma yake, na hapa ndipo lilipokuwa kosa kubwa katika shule ile, kubwa kuliko hata ile saruji.

Iko njia nyingine, ya kupitisha mguu mmoja kati ya upote na upinde na kuupinda mti nyuma ya paja. Ni nyepesi kwa mtu aliye peke yake, lakini ina hatari yake: paja likikaa upande, upinde husokoteka badala ya kupindika. Mti hustahimili kupindwa, kusokotwa haustahimili. Kwa upinde mzito ni afadhali kutumia panda ya mti, au watu wawili, mmoja apinde na mwingine afunge, naye afungaye asimame ubavuni. Pinde zisizokuwa na kitanzi, ambazo upote huzungushwa mara nyingi kwenye ncha iliyochongwa nyembamba, zataka utulivu zaidi, maana kila mzunguko lazima ukae kando ya mwenziwe bila ya kupandana.

Upote ukiisha kukaa, kazi haijaisha. Ncha zote mbili hutazamwa tena. Upinde huinuliwa mbele ya jicho kuona kama upote umepita katikati ya mti au umeelemea upande. Halafu huvutwa kidogo, ukarudishwa taratibu; huvutwa zaidi, ukarudishwa; na baada ya mara kadhaa ndipo huvutwa kwa kipimo chake kamili. Mti baridi hauamshwi kwa pigo moja.

Na kuuvua je? Upinde ulioachwa na upote siku nyingi huzoea kupindika. Nyuzi za tumboni hupondeka, mti hukubali umbo jipya, na siku ya haja mshale huanguka karibu. Kwa hiyo kazi ikiisha upote hulegezwa kwa njia ile ile uliyotiwa, hatua kwa hatua. Hata hivyo hatudai kwamba kila mwenye uta aliuvua kila jioni. Mlinzi hawezi kumwambia mwizi angoje. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Unyamwezini na Usukumani, wanavijiji walijiundia Sungusungu, na silaha yao iliyojulikana sana ilikuwa uta na mishale ya sumu. Serikali iliutambua ulinzi huo kwa sheria mwaka 1989. Mtu wa lindo hana budi kukesha na uta uliopindwa, akijua kwamba kila usiku wa namna hiyo humpunguzia upinde wake umri. Hayo ndiyo maamuzi ya mwenye silaha, na hayafundishiki kwa kutazama kitu kilichotundikwa ukutani.

Mahali pengine elimu hii ilikatwa na sheria. Waata wa nyika iliyo nyuma ya Malindi, kando ya mto Galana, ambao vitabu vingi huwaita Waliangulu, walikuwa wawindaji wa tembo. Kuvuta upinde wao kulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45. Wapimao silaha za kale huulinganisha na pinde ndefu za Waingereza, kama zile zilizopatikana katika meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na mabaki yake kuopolewa mwaka 1982. Upinde wa uzito huo hautiwi upote na mtu aliyeuokota jana. Mabega, mgongo na miguu vyake vyapaswa kuwa vimekua pamoja nao. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilifanya sehemu kubwa ya nchi hiyo kuwa hifadhi ya Tsavo, na katikati ya miaka ya 1950 ikaendesha msako mkali wa wawindaji. Wengi wao wakafungwa. Hatusemi kwamba tembo hawakustahili kulindwa. Tunasema kwamba baba alipokuwa gerezani, na uta umechukuliwa, mtoto alikua bila ya kuiona mikono ya baba yake ikifanya kazi ile. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977, kwa Waata sehemu kubwa ya madhara ilikuwa imekwisha kutendeka.

Wahadzabe wa bonde la ziwa Eyasi hawajafikia hapo. Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa uta wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Ni kijiti tu, chenye upote hafifu, lakini hupindika na hupiga. Mwaka hadi mwaka hupata mwingine mrefu na mgumu zaidi, mpaka afikie upinde wa mtu mzima, ambao huhitaji nguvu ya kiasi cha kilo 30. Hatari huongezeka kidogo kidogo, na mwili hukua nayo sambamba. Siku anapouegemeza upinde mzito kwenye unyayo wake, amekwisha kukitenda kitendo hicho mara zisizohesabika. Lakini mafunzo haya yahitaji pori la kuwindia. Mwaka 2011 baadhi ya Wahadzabe wa bonde la Yaida walipewa hati za kimila za ardhi yao, na hati hizo, ingawa hazitaji uta popote, zimelinda elimu ya uta kuliko makumbusho yoyote tunayoyajua.

Yule mzee wa ngoma alirudi shuleni baada ya miezi michache, amechukua upinde mpya aliouchonga mwenyewe. Haukutundikwa juu ya mlango. Umelazwa juu ya vigingi viwili vya mti, mahali pasipo jua, umenyooka. Upote wake umefungwa ncha moja tu na kuzungushwa ovyo kwenye ufito. Kando yake kiko kikopo cha mafuta ya kondoo. Wanafunzi wa kidato cha kwanza hawaruhusiwi kuupinda. Wao wamepewa pinde tano ndogo za fito, ambazo kila Ijumaa huzitia upote na kuzivua, wakiwa wamesimama mbalimbali uwanjani, nyuso zimegeuzwa kando.