Kuhama Nduthi ya Stima: Mtaa Wetu Umeshapitia Hii Stori

Wasee, wiki iliyopita kazo wangu alikuja kwa mathe pale Umoja akiwa amekasirika vibaya. Yeye ni mtu wa boda, steji yake iko karibu na soko la Mutindwa. Kwa miezi kumi na tatu amekuwa akilipia nduthi ya stima kila siku, hadi Jumapili. Sasa anataka kuhamia kampuni nyingine. Nduthi yenyewe haina shida. Shida ni kwamba kituo alichokuwa akibadilishia betri kimefungwa, na kile kingine kiko mbali. Akifika huko anapata foleni, na betri bado hazijajaa. Kampuni ya pili nayo imefungua kituo dakika mbili kutoka steji yake.

Nikamwuliza, "Si utoe hiyo betri uende kuchukua ya hawa wengine?"

Akacheka. "Betri si yangu, kijana. Ni yao. Mimi nimenunua chuma na magurudumu."

Hapo ndipo niliona niandike. Tukiuziwa habari ya nduthi za stima tunaambiwa bei ya petroli na hewa safi. Hatuambiwi ukitaka kutoka unatokea wapi. Na hii si mara ya kwanza watu wa Eastlands kufungiwa ndani hivi.

Kwanza tuelewe hizi nduthi zilifikaje. Mwaka 2017 vijana kutoka Uswidi walianzisha kampuni ya Opibus hapa Nairobi, ambayo mwaka 2022 ilibadilisha jina ikawa Roam. Nduthi yao ilikuja na betri unayoweza kuitoa na kuichaji kwa soketi ya kawaida. Ampersand ilianzia Rwanda, ikaja kwetu na mpango tofauti: nduthi ni yako, betri ni ya kampuni, na ikiisha unaibadilisha kituoni kwa dakika chache. Mwaka 2023 Spiro nayo ikaingia Kenya na vituo vyake.

Mpango wa betri ya kampuni si wizi, tuseme ukweli. Betri ndiyo kitu ghali zaidi kwa nduthi ya stima. Ukiiondoa kwa bei, mtu wa Kayole anaweza kuanza kulipia. Na betri ikizeeka, hasara ni ya kampuni, si yako. Lakini kuna bei nyingine haiandikwi kwa bango. Ukiwa na Boxer au TVS ya petroli, unaingia pampu yoyote Jogoo Road na hakuna anayekuuliza nduthi yako ni ya nani. Betri ya stima ina umbo lake, plagi yake, na programu ndani yake inayojua ni nduthi gani ikubali na gani ikatae. Kituo kikihama, wewe ndiye unabaki.

Sasa rudi nyuma kidogo. Nikiwa mtoto, mathe alinunua mtungi wa gesi wa kilo 6. Kila kampuni kubwa ilikuwa na kichwa chake cha mtungi, na kile kidude cha kufungia juu hakingeingia kwa mtungi wa kampuni nyingine. Gesi ya kampuni yake ikikosekana mtaani, alikuwa anapita maduka matatu yenye gesi, anarudi nyumbani na lita moja ya mafuta ya taa. Nakumbuka ile harufu ya stovu ikizimwa. Mtungi wa gesi ulikuwa umekaa kwa kona ukifunikwa na kitambaa kama kiti.

Mwaka 2009 serikali ikatoa kanuni za gesi: vali ya mitungi ya kawaida iwe ya aina moja, na kampuni zilazimike kubadilishana mitungi. Hapo ndipo ukaweza kupeleka mtungi wa rangi moja kwa duka la mtaa na kurudi na wa rangi nyingine. Leo unaona ni kawaida, lakini ilibidi iandikwe sheria.

Halafu simu. Aprili 2011 Kenya ikaruhusu mtu kuhama mtandao bila kubadilisha namba. Watu walidhani kutakuwa na msafara wa kuhama. Haukutokea. Unajua kwa nini? Namba ilihama, lakini M-Pesa haikuhama nayo. M-Pesa ilikuwa imeanza 2007, na kufikia wakati huo kodi ya nyumba, pesa ya ushago na deni la chama vyote vilikuwa vinapitia humo. Ilichukua hadi 2018 ndipo pesa ikaanza kutumwa moja kwa moja kati ya M-Pesa na Airtel Money.

Hiyo ndiyo hadithi ya kazo. Anaweza kuhama na kofia yake, wateja wake na leseni yake. Betri ndiyo M-Pesa yake. Kama kitu unachokitegemea kila siku hakihami na wewe, huo uhuru wa kuhama ni wa karatasi.

Sasa najua kuna mtu ananisoma akisema, basi serikali ilazimishe betri moja kwa wote, kwisha. Pole pole. Gesi ilitufunza na upande wa pili. Mitungi ilipoanza kuchanganyika, wajanja wakaanza kujaza mitungi isiyo yao kwa vichochoro, bila kupima, bila kukagua. Mtungi ukilipuka, nani alaumiwe: mwenye jina kwa mtungi, au aliyeujaza usiku? Mwaka 2019 kanuni mpya zikaondoa ule ubadilishanaji wa lazima, na kujaza mtungi wa kampuni nyingine kukahitaji ruhusa yake ya maandishi. Biashara ya gizani haikuisha. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka pale Mradi, Embakasi. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakaumia, na EPRA ikasema maombi ya kuweka kituo cha gesi hapo yalikuwa yamekataliwa. Sisemi vali moja ndiyo ilileta ule moto. Nasema mlango ukifunguliwa lazima kuwe na mtu mwenye jina anayeulinda. Betri ya nduthi nayo inaweza kushika moto, na watu wa ploti zetu wanalala karibu karibu.

Inawezekana kufanya yote mawili. Kule Taiwan, Gogoro ilianza na skuta zake mwaka 2015, baadaye ikaruhusu kampuni nyingine, Yamaha ikiwemo, kutengeneza skuta zinazotumia betri na vituo vile vile. Mnunuzi anachagua skuta, betri inabaki na msimamizi mmoja anayejulikana. Japani, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, maadui wa miaka yote, walikubaliana mwaka 2021 juu ya kipimo kimoja cha betri ya kubadilisha. Kama hao wanaweza kukaa meza moja, kampuni za hapa Nairobi haziwezi kusema haiwezekani.

Na zisipokaa, tukumbuke Nopea Ride. Ilianza teksi za stima hapa Nairobi mwaka 2018, magari safi, madereva wakafurahi. Mwishoni mwa 2022 kampuni mama kule Finland ikafilisika, na huduma ikazimwa hapa. Dereva hakuwa amekosea chochote.

Kwa hivyo kabla hujaweka sahihi, uliza: betri ni ya nani? Kituo kikifungwa, deni langu linasimama au linaendelea? Nikitaka kuuza hii nduthi, atakayeinunua atapata betri wapi? Ukijibiwa kwa mdomo, omba iandikwe. Na wanaotunga sera ya magari ya stima waulizwe hivyo hivyo, sasa, kabla nduthi hazijajaa mtaa mzima, kwa sababu gesi na simu tulizirekebisha tukiwa tumeshafungiwa ndani.

Kazo ameamua kubaki. Amebakisha miezi mitano amalize kulipa, na akiacha leo anapoteza kila kitu alichotoa. Kila asubuhi anaamka saa kumi aende kule mbali kupanga foleni kabla wengine hawajafika. Mathe alimsikiliza hadi mwisho, akamwekea chai, akasema tu, "Ata mimi nilikuwa na mtungi kama huo."