Kupandisha maji puani baada ya upasuaji wa pua

Tumeulizwa: aliyefanyiwa upasuaji ndani ya pua, akaambiwa na daktari aisafishe kwa maji ya chumvi, atumie maji ya tangi? Na udhu wake je?

Suala hili si dogo. Ipo amiba, kidudu kisichoonekana kwa macho, iitwayo Naegleria fowleri. Huishi katika maji ya vuguvugu yasiyo ya bahari. Ukiinywa haikudhuru, lakini ikipanda puani hufuata mshipa wa kunusia mpaka kwenye ubongo. Huanza homa, kichwa kikali, kutapika na shingo kukakamaa, na wengi hufariki siku chache tu baada ya hapo. Ni maradhi adimu mno, ila katika kila 100 wanaoyapata hufa zaidi ya 95.

Mjini Karachi, Pakistan, mwaka 2008 na 2009 madaktari waliona wagonjwa 13, na takriban wote hawakuwa wameogelea popote. Kilichodhaniwa ni maji ya mfereji waliyotilia udhu. Louisiana, Marekani, mwaka 2011 walikufa wawili waliosafisha pua kwa maji ya mfereji. (Baharini kidudu hiki hakiishi, kwa hiyo watoto wanaojitosa Forodhani wasitishwe kwa hili.)

Basi maji ya kuingiza puani yachemshwe, yatokote dakika 1 kamili, yapoe ndani ya chombo safi chenye kifuniko, ndipo itiwe chumvi kwa kipimo alichotoa daktari. Chumvi peke yake haitoshi, wala kuchuja kwa kitambaa. Tangi la juu ya paa linalopigwa jua wiki nzima bila klorini tusiliamini kwa kazi hii.

Ama udhu, katika madhehebu yetu ya Shafi, kupandisha maji puani ni sunna, katika udhu na katika josho la janaba. Mwenye jeraha akiacha, udhu wake umesihi, na hahitaji kutayamamu kwa sababu hiyo. Mahanbali wanaona ni wajibu, lakini hata kwao mgonjwa hakalifishwi kujidhuru. Mtume (s.a.w.) alipomwelekeza Laqit bin Sabira azidishe kupandisha maji, alimvua aliyefunga, ikiwa saumu inapunguza jambo hili, jeraha bichi lina haki zaidi. Anayependa kuipata sunna yake atumie maji yaliyochemshwa.

Akishikwa na homa na kichwa kikali, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe kuwa maji yalipanda puani.

Wallahu a'lam.